Maji Yaliyoshuka Kutoka Kwetu

Nyumba ya baba yangu imejengwa juu ya jiwe. Iko Mabatini, upande wa juu kabisa, ambako njia inapenya katikati ya majabali na kila anayeshuka anampisha mwenye ndoo kichwani. Baba alijenga huko alipostaafu kazi ya kiwanda cha pamba, kwa sababu viwanja vya tambarare vilishakwisha. Wageni wakija Mwanza wanayapiga picha mawe yetu, wanasema mji umependeza. Umependeza kweli. Ila jiwe halichimbiki, na walio juu yake wanakula na kunywa sawa na watu wengine wote, na kinachofuata baada ya hapo kinahitaji shimo.

Naona aibu kulieleza hili, basi nitalieleza haraka nimalizane nalo. Shimo la choo chetu halikwenda chini. Lilipogonga mwamba, baba akalipandisha juu kwa mawe na saruji, ndiyo maana choo chetu unakipandia ngazi utafikiri ni mimbari. Ubavuni, upande wa korongo, aliacha bomba, na kwenye bomba akaweka kizibo cha matambara yaliyofungwa ndani ya nailoni. Shimo likikaribia kujaa, unasubiri mvua kubwa. Ikija, mwenye nyumba anavaa buti, anazunguka nyuma na kuchomoa kizibo, na mvua inabeba kila kitu kuelekea bondeni. Watu wa afya wanaita kutapisha choo. Kwetu nyumbani hatukuliita chochote. Tulisema tu, "Baba ametoka kidogo."

Na si baba peke yake. Mvua ikikolea ungewaona wanaume wa mtaa mzima wakitoka kidogo, mmoja mmoja, wamejifunika viroba vya sandarusi kichwani. Hakuna aliyemsalimia mwenzake. Watu ambao Jumapili wanashikana mikono kanisani na kuulizana habari za ng'ombe walioko vijijini, siku hiyo walipishana kwenye korongo kila mmoja akiangalia miguu yake. Mvua ikikatika, wanarudi kuwa majirani.

Nikiwa mdogo niliwahi kumuuliza marehemu mama vitu vile vinakwenda wapi. Akanijibu, "Ziwani." Nikaridhika. Nimekuwa mtu mzima, nimesoma mpaka sekondari, nimejifunza ushonaji na kufungua kibanda changu mwenyewe, na jibu langu lilikuwa bado lilelile. Ziwa tuliliona kila asubuhi kutoka mlangoni, kubwa, limetulia, na sisi tulilitazama kana kwamba kati yetu na lenyewe hapakuwa na watu.

Mwanamume aliyenioa alikuja kibandani kwangu kupunguza suruali. Nikaipunguza. Akarudi na nyingine. Alipoileta ile ya kwanza kwa mara ya pili, akitaka niirefushe, nilimwambia kama ana neno aseme, maana kitambaa kimeshachoka. Ni fundi wa majokofu, Mhaya, Mlutheri, mtu wa maneno machache. Alikuwa amepanga chumba kwenye uwanja wa shangazi yake, dada wa marehemu baba yake, chini kabisa ambako korongo letu linafika tambarare. Nilikwenda kwake mara nyingi wakati wa kiangazi. Ulikuwa uwanja safi, wenye vyumba vya wapangaji kuzunguka pande zote, na katikati kulikuwa na kisima kifupi chenye ukingo wa saruji na mfuniko wa bati. Maji ya bomba yakikatika, na kwetu hayachelewi kukatika, mtaa mzima ulichota pale. Niliyanywa hayo maji. Yalikuwa baridi na matamu, nikamsifia shangazi kisima chake.

Wakati wa mvua sikuwahi kwenda. Njia ya korongo ilikuwa haipitiki, na mimi sikujiuliza kwa nini nisipite njia nyingine.

Masika yalikuwa yameanza ilipokubalika kwamba watu wa kwao waje kwetu kujitambulisha. Mama yake angetoka Bukoba pamoja na wazee wawili wa ukoo. Wangefika siku moja kabla, walale kwa shangazi, kesho yake wapande kwetu.

Baba alihangaika kuliko mimi. Ni Msukuma wa zamani, na kwake mkwe ni mtu wa kuheshimiwa mpaka unamwogopa. Alipaka chokaa ukuta wa mbele. Aliazima viti vya kanisa. Lakini jambo lililomnyima raha lilikuwa choo. Kilikuwa kimejaa, na mvua zilizokuwa zikinyesha wiki ile zilikuwa manyunyu ya kulowesha vumbi tu. Alikuwa anasimama uani, anatazama mawingu upande wa ziwa, anaguna.

"Mayu," akaniambia siku moja. Ndivyo Wasukuma wanavyomwita mama, na binti pia. "Mkwe wangu atatoka Bukoba yote hiyo, aje akute choo kile? Nitauweka wapi uso wangu?"

Nikamwambia, "Itanyesha, baba." Na mimi niliomba inyeshe. Nilipiga magoti kitandani kwangu nikaomba mvua kubwa, kwa ajili ya heshima ya baba yangu. Sijui ni watu wangapi wamewahi kumwomba Mungu jambo la aina ile.

Ilinyesha asubuhi ya siku yenyewe. Nilikuwa jikoni nakaanga maandazi iliposhuka, na ilishuka kwa hasira. Baba alicheka peke yake sebuleni. Nikamsikia akivuta buti chini ya kitanda. Alipopita mlangoni mwa jiko aliniambia, "Umeona? Mungu hamtupi mja wake," akatoka kidogo. Mimi nikaendelea kukaanga, moyo mweupe. Aliporudi ameloa, nilimpa taulo na chai. Choo kilikuwa tayari kwa wageni.

Wageni walichelewa. Mvua ilipokatika nilianza kuchungulia, na hatimaye nikawaona wanapanda: wazee wawili wenye makoti, mchumba wangu, shangazi yake, na mama mmoja mfupi mnene aliyevaa gomesi ya kijani yenye mkanda mpana, amelipandisha vazi lake kwa mikono miwili kama mtu anayevuka mto. Viatu vyake vyeupe vilikuwa vimechafuka mpaka vifundoni.

Nikashuka kumpokea. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Samahani, nakuja kwenu na miguu ya namna hii. Pale kwa wifi yangu maji yameingia uani, yamejaa mpaka mlangoni. Tumehamisha vitu tangu asubuhi."

Shangazi alikuwa nyuma yake. Ana ulimi mkali, na hamwogopi mtu. Akasema, bila kumtazama yeyote, "Ndiyo zawadi zetu kila mvua. Walio juu hawatusahau."

Baba alikuwa amesimama mlangoni na koti lake la harusi. Nilimwona akisikia. Aliinamisha kichwa, akanigeukia na kusema kwa sauti ya juu kuliko ilivyohitajika, "Mletee mkwe maji ya miguu! Na viatu vyake uvioshe, upesi!"

Nikakaa nyuma ya nyumba na vile viatu vyeupe kwenye beseni. Matope yana harufu yake, na kila aliyekulia hapa anaijua. Hii haikuwa ya matope. Nilisugua kwa brashi na sabuni ya unga, nikabadilisha maji, nikasugua tena, na masikio yangu yalikuwa ya moto. Nilitamani ardhi inimeze, ila kwetu ardhi yenyewe ni jiwe. Hapo ndipo nilipoelewa kwa mara ya kwanza maana ya neno "ziwani". Lilikuwa limepita mlangoni kwa mama mkwe wangu, limempanda miguuni, na yeye amelirudisha kwetu akiomba samahani.

Mazungumzo yalikwenda vizuri. Wazee walitaniana, Wasukuma na Wahaya, nani anajua kula na nani anajua kuringa. Samaki wetu, sato wa ziwani, walisifiwa. Mama mkwe alicheka kila baba alipotania, na baba alitania sana siku ile, nadhani ili pasiwe na nafasi ya kimya. Mimi nilipita na sinia, nikapokea na kutoa, na kila nilipoinua macho nilikutana na macho ya shangazi.

Siku zilizofuata wageni walibaki kwa shangazi, wakisubiri barabara zikauke ndipo waondoke. Maji ya bomba yalikuwa yamekatika mtaa mzima, wakawa wanakunywa ya kisima. Mchumba wangu alinipigia simu akiwa ana wasiwasi. Mama anaharisha. Tangu jana hakuna kinachokaa tumboni, na sasa hawezi kusimama. Na si yeye tu, watoto wa wapangaji wawili nao wamelazwa.

Nilifunga kibanda nikaenda hospitali. Alikuwa amewekwa kwenye chumba cha wanaotengwa, amelala upande mmoja, dripu mkononi. Yule mama mnene alikuwa amenywea. Macho yameingia ndani, ngozi ya mkono ukiivuta inabaki imesimama. Nesi aliniambia wameshachukua kipimo cha kipindupindu na majibu bado, ila kipindupindu au siyo kipindupindu, kilichomwangusha ni maji aliyokunywa, na kazi kubwa ni kumrudishia maji yaliyotoka. Nikaulizwa mimi ni nani wake. Nikasema binti yake, maana mchumba wangu alikuwa ameshaenda kutafuta dawa na pale palihitajika mwanamke.

Alikuwa amejichafua. Nilipofunua shuka alifumba macho, akanishika mkono kwa nguvu ambazo sikujua bado anazo.

"Usimwambie mwanangu," alisema. "Mkwe wangu, unaniona hivi hata harusi haijafika. Nimekutia aibu. Nisamehe."

Nilimwosha. Nilileta beseni la maji ya vuguvugu, nikamgeuza taratibu, nikamfuta mgongo na miguu, nikambadilishia kanga. Alikuwa analia kimyakimya kwa aibu, mwanamke aliyefundisha shule miaka yake yote, aliyezoea watoto kusimama anapoingia darasani. Aliniomba msamaha tena. Na mimi niliyekuwa nimepiga magoti kuiomba ile mvua nikamjibu, "Usijali, mama." Hayo tu. Sikuwa na jingine la kusema ambalo lisingemuua yeye au mimi. Nimewahi kufokewa na wateja mbele ya watu, nimewahi kuanguka kanisani nikiwa na gauni la usimamizi, lakini aibu niliijua siku ile, na ilikuwa mbaya zaidi kwa sababu alionekana ameibeba yeye.

Baba alikuja kesho yake na chupa ya uji. Sikumwita, alikuja mwenyewe, amevaa koti lake lilelile. Mama mkwe alikuwa amepata nafuu kidogo, na kipimo kilikuwa kimeonyesha si kipindupindu. Alipomwona baba mlangoni alianza kuhangaika kushuka kitandani. Kwa Wahaya wa rika lake mwanamke anamsalimia mkwe wake akiwa amepiga magoti, na yeye hakuwa anakubali kumsalimia amelala. Mguu mmoja ulishafika sakafuni, dripu inavutana. Nilimkamata. Baba alirudi nyuma mpaka akagonga mlango.

"Hapana, hapana, mkwe! Usifanye hivyo. Tafadhali. Usinipigie magoti mimi."

Aliweka chupa chini akatoka. Nilimfuata nikamkuta amesimama karibu na bomba la kunawia mikono, uso kaupa ukuta. Hapo hasira ikanipanda, nikasema kile nilichokuwa nimekimeza siku zote zile.

"Baba, ni sisi."

"Siyo sisi. Ni mvua."

"Mvua haina choo, baba."

Alinitazama. Sikuwahi kumjibu hivyo maishani mwangu. "Kila mtu anafungua," alisema. "Unataka mimi nifanyeje? Nilichimbe lile jabali kwa meno?"

Nilizidi kukasirika. Alisema kweli. Gari la kunyonya choo halipandi kwetu; hata pikipiki inaishia kwenye ngazi za pili. Bomba la majitaka lilikuwa limeanza kuwekwa milimani, tuliliona likipanda upande mwingine wa kilima, nyumba kwa nyumba, lakini safu yetu ya juu tuliambiwa tusubiri. Baba aliwahi kuwaita vijana wa kutapisha kwa ndoo. Walichungulia, wakauliza uchafu wataumwaga wapi, baba akakosa la kuwaambia, wakaondoka. Kwa hiyo alikuwa na haki ya kuniuliza vile, na mimi nilikuwa na haki ya kumchukia kwa dakika chache pale kwenye korido.

Bwana afya alifika kwenye uwanja wa shangazi wakati huohuo. Alitia dawa kisimani, akawaambia watu wachemshe maji ya kunywa hata kama yanaonekana meupe, na wainue ukingo wa kisima. Alisema mfuniko unasaidia, ila hauzuii kinachopenya chini kwa chini. Halafu akatazama juu, kwenye nyumba zetu zilizopangana juu ya mawe, akatikisa kichwa. Nilikuwa nimesimama pale na ndoo ya nguo za mgonjwa. Nikajikuta nimeangalia pembeni, kama mtu ambaye hajui nyumba zile ni za nani.

Kabla ya harusi nilimweleza mchumba wangu. Nilijiandaa kwa kuachwa. Nilimkalisha kwenye kibanda changu, nikamwambia kuhusu kizibo, na furaha ya baba asubuhi ile, na viatu, na kila kitu. Alinisikiliza mpaka mwisho huku anachezea mkasi.

"Najua," alisema.

"Unajua nini?"

"Kila anayeishi chini anajua. Tangu masika ya kwanza niliyokaa pale. Hata ni nyumba zipi, tunajua. Nilidhani wewe ndiye hujui, nikaona si vizuri nikuambie kuhusu kwenu."

Yaani alikuja kwetu, akala sato wa baba, akacheka utani wa baba, akijua. Wote walikuwa wanajua. Nilikuwa nimejiandaa kwa hasira yake, sikuwa nimejiandaa kwa adabu yake, nikalia pale kibandani mpaka mteja aliyekuja kuchukua gauni akageuza akaondoka. Nilipomuuliza kama amemwambia mama yake, akasema hapana, na hatamwambia. Tukaliacha hapo. Mama mkwe alipona, akarudi Bukoba, akaja tena kwenye harusi akacheza kuliko watu wote. Mpaka leo akinipigia simu anaanza na shukrani, na nimesikia kwamba kule kwao anawaambia wanawake wenzake jinsi mkwe wake alivyomwosha kwa mikono yake hata kabla hajaolewa. Wananisifia. Kila ninapoambiwa hivyo nabadilisha mazungumzo. Sijamwambia, na kwa kweli sijui nitamwambia lini.

Tulipooana nilihamia chini, kwenye uwanja wa shangazi. Nikaanza kujifunza maisha ya huko. Wingu likikusanyika, unainua magodoro juu ya meza. Unaziba chini ya mlango kwa magunia ya mchanga. Watoto wanaitwa ndani, kisima kinafunikwa na kuwekewa mawe juu. Kila mtu ana kazi yake na hakuna anayeuliza. Mvua ikikatika tunatoka na majembe na mabuti tunayasukuma yale yaliyoshuka kuelekea mtaroni, na wanawake wanasema, "Hao wa juu leo wameshiba kweli." Wanacheka. Mimi nasukuma nacheka nao, uso umenishuka. Hakuna hata mmoja aliyewahi kunitazama wakati wakisema hivyo. Nilitamani mmoja anitazame.

Siku moja wakati wa vuli, alasiri, nilikuwa nimetoa cherehani barazani. Bomba lilikuwa limekatika tangu asubuhi na foleni ya kisimani ilikuwa ndefu. Anga la huku chini lilikuwa bado jeupe. Simu ikaita. Alikuwa baba.

"Mayu, umeshindaje?"

"Salama, baba. Shikamoo."

"Marahaba." Si mtu wa kupiga simu. Simu kwake ni kitu cha kutangaziana misiba. "Huku juu nimeliona wingu. Linatoka upande wa ziwa. Hili ni la kweli."

"Haya, baba."

"Nimesema nikuambie mapema. Safari hii shimo halisubiriki, limejaa kabisa." Akakohoa. "Ufunike kisima. Chota ya kwako kwanza, halafu ufunike."

Nilielewa kwamba ananipenda. Nilielewa pia kwamba miaka yote ile angeweza kumpigia mtu simu, na hakuwa na wa kumpigia mpaka mimi nilipohamia huku. Mambo hayo mawili yalinijia pamoja. Simu ilikuwa sikioni na ndoo yangu ilikuwa pale pembeni ya mlango, tupu. Ningeweza kuichukua, nikapita mbele kwa kisingizio chochote, nikachota ya kwangu.

Nilisimama nikasema kwa nguvu, "Jamani, fanyeni haraka. Mvua inakuja, tufunike kisima."

Shangazi ndiye aliyekuwa na kamba mkononi. Alitazama juu. "Mvua gani? Hata wingu halipo. Nani kakuambia?"

Wote walinigeukia, wanawake na madumu yao. Nilikuwa nimetamani siku nyingi waniangalie, na sasa walikuwa wananiangalia.

"Baba," nikasema. "Baba yangu amepiga simu. Anataka kufungua."

Mtoto mmoja alilia mgongoni kwa mama yake. Shangazi alishusha ndoo kisimani taratibu, akaivuta, akaimwaga kwenye dumu la mwanamke aliyekuwa mbele yake, ndipo akanijibu bila kuinua kichwa.

"Basi mwambie mkwe asubiri. Hatujamaliza kuchota."

Nikarudisha simu sikioni. "Baba, wanasema—"

"Nimesikia."

Nilimsikia anavuta pumzi. Wanawake walikuwa wameanza kuongea tena, wanaharakishana, madumu yanagongana, mmoja anamwita mwanawe alete ndoo nyingine.

"Ni akina nani hao?" baba aliuliza.

Nikamtajia. Nilianza na shangazi, ambaye alikwisha kukaa naye meza moja. Nikamtajia yule muuza uji wa barabarani ambaye baba hununua kwake kila anaposhuka sokoni. Nikamtajia mwenye mtoto mgongoni, na mama wa watoto wale waliolazwa, na bibi wa chumba cha mwisho asiyeona vizuri, na wasichana wa shule waliokuwa bado na sare. Nilimtaja kila mmoja kwa jina lake, na wao walisikia wanatajwa, na sikupunguza sauti.

"Kumbe mko wengi," baba alisema.

"Tuko wengi, baba."

Mvua ilikuwa imeshafika kwake. Niliisikia ndani ya simu inaanza juu ya paa la nyumba niliyozaliwa, wakati kwetu jua lilikuwa bado linawaka kwenye ndoo. Nilijua amesimama wapi, na nilijua ameshavaa buti.

"Waambie wachote," alisema. "Nasubiri."

Hakukata simu. Na mimi sikukata.